Nilivyoirudisha fedha kutoka kwenye chupa ya mabaki

Katika maabara ya shule ninayoihudumia, nitrati ya fedha ni miongoni mwa kemikali zinazotugharimu zaidi, na kila wanafunzi wanapopima chumvi huishia kwenye chupa ya mabaki ikiwa mashapo meupe ya kloridi ya fedha. Lita moja ya maji huyeyusha takriban miligramu 2 tu za mashapo hayo, ilhali robo tatu ya uzito wake ni fedha tupu. Kuyamwaga niliona ni israfu.

Kwanza niliyatenga na bromidi na iodidi za fedha zilizochanganyika humo. Amonia ndiyo iliyonifaa, kwa kuwa kloridi huyeyuka hata katika amonia hafifu, bromidi hudai iliyo kali, na iodidi, yenye rangi ya manjano, hubaki karibu yote. Myeyusho huo haulazwi hata usiku mmoja, maana ukikaa huweza kuzaa mashapo meusi yanayolipuka kwa kuguswa tu. Hivyo nilipomaliza kuuchuja niliutia papo hapo asidi ya nitriki kidogo kidogo, na kloridi ikarudi, nyeupe, imekatika mabonge mithili ya maziwa mgando.

Niliisuuza na kuitumia ingali mbichi, kwani ikikauka huwa ngumu na kemikali haipenyi. Nikaimiminia hidroksidi ya sodiamu kali, miwani ikiwa machoni, nikaipasha moto huku nikikoroga hadi ikageuka oksidi ya kahawia inayokaribia weusi. Nilipoongeza glukosi, weusi ule ulipauka, zikabaki chembe za fedha za kijivu. Nilizisuuza vizuri, nikachota kidogo na kuzitia katika asidi ya nitriki, zikayeyuka zote bila kuacha weupe wowote, dalili kwamba kloridi ilikuwa imekwisha.

Zilizobaki niliziyeyusha katika asidi hiyohiyo nje ya jengo, kwa sababu moshi wake wa kahawia ni sumu, kisha nikaukausha myeyusho taratibu mpaka asidi iliyozidi ikatoka, ikabaki nitrati ya fedha, nikaiyeyusha tena katika maji. Ukaushaji huo haufai kuharakishwa, kwani asidi ikibaki huharibu kipimo cha mwisho: kuudondosha myeyusho mpya kutoka kwenye bureti, yaani mrija wenye alama za ujazo, juu ya chumvi ya kiasi kinachojulikana, kromati ya potasiamu ikiwa kiashiria, yaani kemikali inayoonyesha kwa rangi kwamba kipimo kimefika mwisho. Kloridi hushuka kwanza, na inapokaribia kwisha ndipo kromati ya fedha hujitokeza kwa wekundu wa tofali. Kutokana na ujazo uliotumika nilikokotoa ukolezi, nikauandika kwenye lebo ya chupa ya kahawia isiyopitisha mwanga.