Jinsi Wafini wanavyosema "mamoja kwangu"

Anayejifunza Kifini hukutana mapema sana na maneno mawili, ihan sama, na mara nyingi huyapokea vibaya. Sama ni "kitu kilekile" na ihan ni "kabisa", kwa hiyo kauli yenyewe inakaribia mno "yote mamoja" yetu, na sikio la Mswahili huisikia kwa urahisi zaidi kwa kuwa sama na sawa hazipishani sana, wala kwa matamshi wala kwa maana. Ugumu uko kwenye matumizi. Mzazi akimwambia kijana wake kwamba chumba kimekuwa jaa la nguo, na kijana akajibu ihan sama bila kuinua macho kwenye simu, hapo kijana ametia pamba masikioni. Lakini maneno hayohayo yakisemwa jikoni kazini, pale mwenzako anapokuuliza kahvia vai teetä, yaani kahawa au chai, huwa hayana ukali wowote. Msemaji anakuachia wewe uamuzi ili usipate taabu kwa ajili yake. Hata hivyo, mimi humshauri mgeni aseme kumpi vain, "chochote kati ya hivyo viwili", kwa sababu kauli hiyo haiwezi kusikika kama dharau hata ukiitamka kwa uchovu. Na ajiandae kuchagua, maana kwetu mgeni anayesema "chochote tu" huonekana ana adabu, ilhali mwenyeji wa Kifini anapouliza, kwa kawaida anataka jibu.

Jambo lililonivutia zaidi katika kauli hizi ni mahali zinapomweka mtu asiyejali. Wafini husema minua ei kiinnosta, na katika sentensi hiyo minua si mtenda. Ni "mimi" aliyewekwa katika umbo la mtendwa, huku kitenzi kikiwa cha nafsi ya tatu. Sisi tunafanya jambo hilohilo tunaposema "halinihusu" au "halinishughulishi", ambapo -ni- imejikalia katikati ya kitenzi na lawama yote imeachiwa jambo lenyewe. Jambo ndilo lililoshindwa kunivutia, mimi simo. Katika mazungumzo hata minua hudondoshwa, ikabaki ei kiinnosta peke yake, na anayetaka kukazia huongeza pätkääkään, "hata kipande".

Tofauti kabisa ni en välitä, "sijali". Ukanushi wa Kifini hubeba nafsi, en kwa mimi, et kwa wewe, ei kwa yeye, kama ambavyo sisi tuna si-, hu- na ha-, kwa hiyo anayesema en amejitokeza mwenyewe na kuubeba mzigo wa kutojali kwake. En välitä kahvista haina madhara. Huyu hapendelei kahawa tu, ingawa katika nchi ile inayokunywa kahawa kupita kiasi watu wanaweza kumtazama mara mbili. En välitä sinusta, akiambiwa mtu usoni, ni neno zito linaloweza kuvunja uchumba, kwa sababu kitenzi hichohicho bila ukanushi ndicho ambacho Mfini asiyependa kutamka mapenzi hadharani hukitumia kumwambia mwenzake kwamba anamjali.

Zipo pia kauli zinazonukia shamba na baridi. Viitata kintaalla ni kupunga glavu, ile nene ya kazi ambayo kidole gumba peke yake ndicho chenye nafasi yake, na husemwa juu ya mtu aliyepuuza onyo au amri: hän viittasi kintaalla varoituksille, alizipungia glavu tahadhari. Sisi tungesema alizipa kisogo. Tukiambiwa se ei ole minun heiniäni, "hizo si nyasi zangu kavu", tunaarifiwa kwamba jambo haliko katika mapenzi au eneo la msemaji; opera inaweza kuwa si nyasi zake, na siasa za jirani vilevile. Kwa maoni yangu hii ndiyo ya kistaarabu kuliko zote, kwa kuwa haikidharau kitu chenyewe na inakubali kwamba nyasi hizo zina mwenyewe. Naye anayesemwa vibaya asibabaike huambiwa kwamba maneno kwake ni kuin vettä hanhen selkään, maji juu ya mgongo wa bata bukini, jambo ambalo sisi tumemwachia ng'ombe asiyezuiwa kunywa maji na kelele za vyura.

Katika magazeti na hotuba hutumika hällä väliä, hasa kulalamikia watu wenye mtazamo wa "liwalo na liwe" kazini au barabarani. Viis veisata ina mzaha zaidi. Veisata ni kuimba tenzi za kanisani na viis ni kama "tano" inavyotamkwa kwa mkato, lakini hän viis veisaa säännöistä haimhusu mwanakwaya yeyote. Ni mtu asiyejali kanuni hata kidogo. Viis siitä, iliyo fupi, hutosha kusema "achana nalo, tuendelee".

Ipo kauli moja ambayo ningependa kila mgeni aijue mapema kuliko zote hizi, nayo ni ei se niin nuukaa ole. Nuuka ni mtu anayebana sana matumizi, karibu na bahili, na pia ni hali ya kutaka kila kitu kiwe barabara bila kupungua wala kuzidi, kwa hiyo kauli nzima inasema kwamba jambo si la kupimwa kwa mizani kiasi hicho. Husemwa na mtu mzima anapokuona unahangaika kwa sababu umekata mkate vipande visivyolingana au umepaka ubao rangi ikavuka mstari kidogo. Hapo kutojali kumegeuka kuwa huruma, na anayeambiwa hupumua.

Mwisho nizitaje kauli zilizo kali. Mambo yanaweza kumvutia mtu kuin kilo paskaa, "kama kilo moja ya mavi", na uhodari wa kauli hiyo ni kwamba haina ukanushi hata mmoja: kitenzi kinakubali kwamba jambo linavutia, kisha kipimo kinakuja kulizika. Utaisikia kwa vijana na kwa mafundi walioshibana. Usiipeleke kwa mkwe wala kwenye usaili wa kazi, hata kama mwenyeji wako amekuhakikishia kwamba siku hizi Wafini hawajali lugha.