Mafarao hawakupanga foleni

Juzi mwalimu mmoja wa sekondari alipita dukani kwangu hapa Tabora na oda ya chati: wafalme wa Misri ya kale, Nasaba ya 1 mpaka ya 30, maandishi makubwa hata wa dawati la nyuma asome. Mimi nauza steshenari, farao namjua kwa kumsikia tu. Nikachukua manila na rula, miaka 50 sentimita moja, nikaanza kushuka, kila nasaba chini ya mwenzake. Manila ikaisha na nasaba kadhaa bado ziko mkononi.

Aliporudi jioni akacheka. "Dada, umewapanga foleni."

Kumbe hizo namba zimetoka kwa Manetho, kuhani wa Kimisri wa karne ya 3 KK, aliyeandika kwa Kigiriki. Kitabu chenyewe kilipotea, vikabaki vipande walivyonukuu wengine. Majina ya Ufalme wa Kale, wa Kati na Mpya, na vipindi vya mpito katikati yake, ni ya wanazuoni wa zama zetu hizi. Mmisri mwenyewe alihesabu tu mwaka wa kwanza wa mfalme fulani, wa pili, wa tatu. Mfalme akifa, unaanza upya. Na zamani zaidi mwaka uliweza kuitwa kwa tukio, kama mwaka wa kuhesabu ng'ombe wa nchi. Hapo nikamkumbuka bibi yangu: yeye alizaliwa "mwaka wa nzige", ukimuuliza namba anakuona huna adabu.

"Watemi wetu wa Unyamwezi, Isike wa Unyanyembe na Mirambo wa Urambo," mwalimu akaniuliza, "mmoja alimsubiri mwenzake afe ndiyo atawale?"

Thubutu! Walikuwa majirani, tena wanapigana. Mirambo alikufa 1884, Isike akajilipua bomani mwake 1893 Wajerumani walipomzidi. Ukiwaweka juu na chini ukajumlisha miaka, Unyamwezi unapata miaka ambayo haikuwepo. Basi ndivyo nilivyowafanyia Wahiksosi, wale watawala wa Misri wenye asili ya Asia. Nasaba yao ya 15 ilikaa Avaris, kaskazini, huku ya 17 ikitawala Thebes, kusini.

Nikatoa mkasi. Kushoto kaskazini, kulia kusini, gundi. Mfalme Ahmose wa Thebes alinitatiza: aliwafukuza Wahiksosi katika karne ya 16 KK, ni damu ileile ya Nasaba ya 17, lakini anahesabiwa wa kwanza wa Nasaba ya 18. Yaani nasaba si lazima iwe ukoo mpya! Mwalimu akasema zama zilibadilika. Mimi bado sijaridhika, ila nilikata.

Ya 25 ndiyo iliyonimaliza. Mfalme wake Piye alitoka Kushi, Sudan ya leo, akashuka na Mto Nile kwenda kaskazini wakati wafalme wengine bado wako kwenye viti vyao. Kisanduku chake hakikuwa na pa kuanzia ndani ya karatasi. Nikaunga kipande cha manila pembeni kwa selotepu, nikachora mshale mwekundu unaoingia Misri. Mwalimu akalipa bei ya manila moja.