Jinsi Ninavyokagua Bunduki Mpya za Kiwandani Kabla ya Kumkabidhi Mnunuzi

Kabla ya kuajiriwa katika karakana ya muuzaji wa silaha mwenye leseni hapa Nairobi, nilikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda kimoja cha vipuri kule Eneo la Viwanda, na kazi yangu ilikuwa kupima shafti na bushi kwa maikromita na kuyakataa yale yaliyozidi au kupungua kuliko kipimo kilichoandikwa kwenye mchoro. Nilipohamia kwenye bunduki nilikuta utaratibu mfupi sana: sanduku linafunguliwa, grisi ya kiwandani inafutwa, nambari ya silaha inalinganishwa na ile iliyo kwenye kibali, kisha mnunuzi anaitwa. Jina la kiwanda lilichukuliwa kuwa ushahidi wa kutosha. Malalamiko yalikuwa machache, lakini yalikuja yakiwa yamechelewa, tena kutoka mahali ambapo fundi hafiki kwa urahisi.

Msomaji anaweza kushangaa kwamba bunduki za kuwindia bado zinauzwa nchini ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Wanunuzi wapo, ingawa ni wachache: wafugaji wa Laikipia wanaolinda mifugo, walenga shabaha wa vilabu, na wawindaji wa kulipwa wanaoishi Kenya lakini wakifanya kazi Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa leseni. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kila bunduki imefungwa kwa mmiliki wake kwa cheti na nambari, na haiwezi kurudishwa Ulaya au Marekani kama mtu anavyorudisha redio dukani. Panahitajika kibali cha kuitoa hapa, kibali cha kuiingiza kule, na vingine tena inaporudi. Kwa sababu hiyo kasoro inayogunduliwa siku ya kupokea ni jambo la barua mbili tatu na msambazaji, ilhali kasoro hiyo hiyo ikigunduliwa baada ya makabidhiano inaweza kumnyima mnunuzi silaha yake kwa miezi mingi. Hoja hiyo ndiyo iliyomfanya bosi wangu akubali niandike utaratibu mpya wa ukaguzi.

Nilianza kwa kujiuliza kiwanda chenyewe kinakagua nini, ili nisirudie kazi iliyokwisha kufanywa. Katika nchi nyingi za Ulaya mtutu hauwezi kuuzwa bila kupigwa mhuri wa majaribio. Mafundi wa bunduki wa London walipata hati yao ya kifalme mwaka 1637, nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1813, na tangu mwaka 1914 iko tume ya kimataifa, ijulikanayo kwa kifupi kama CIP, iliyozaliwa Liège nchini Ubelgiji. Kwa bunduki ya michirizi, yaani yenye mifereji ya kuzungusha risasi ndani ya mtutu, risasi ya majaribio hutoa shinikizo linalozidi kiwango cha juu cha kawaida kwa asilimia 25. Marekani haina nyumba ya serikali ya namna hiyo. Huko viwanda hujaribu vyenyewe, vikifuata viwango vya chama chao cha SAAMI kilichoanzishwa mwaka 1926. Mihuri hii ni ya kuheshimiwa, lakini inathibitisha jambo moja tu, kwamba chuma kimestahimili shinikizo siku ile. Haisemi kama risasi ya pili itaingia vizuri kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, wala kama kifyatulio kitabaki mahali pake bunduki ikigongwa.

Pia mtu aliyefanya kazi kiwandani anajua kwamba bidhaa mbili za jina moja si lazima ziwe na ubora mmoja. Kekee ya kukatia chemba huanza ikiwa na ukubwa wa juu unaoruhusiwa, na kila inaponolewa inapungua kidogo, hivyo chemba iliyokatwa mwishoni mwa maisha ya kekee huwa imebana kuliko iliyokatwa mwanzoni, ingawa zote ziko ndani ya kipimo. Chuma nacho huja kwa mafungu. Mwaka 2004 kampuni ya Sako ya Ufini iliita baadhi ya bunduki za mitutu isiyoshika kutu zirudishwe baada ya mitutu kadhaa kupasuka, na hicho ni kiwanda ambacho wengi tunakihesabu miongoni mwa vilivyo makini zaidi duniani. Sisemi hayo kukishushia hadhi. Nasema kwamba ninachokagua ni bunduki iliyo mezani kwangu, si sifa za waliotangulia kuitengeneza.

Ukaguzi wangu wa kwanza ni wa macho na hauchukui muda: naangalia mdomo wa mtutu, kwa kuwa mkwaruzo mdogo pale ambapo risasi inaagana na chuma huharibu shabaha kuliko kasoro kubwa iliyo katikati, napitisha kamera nyembamba ndani ya mtutu kutafuta alama za kekee iliyotetemeka, na nakaza skrubu za kitako kwa spana ya torki, ambazo mara nyingi hulegea safarini. Kisha napima chemba kwa geji mbili, moja ambayo ni lazima bolti, yaani kipande cha chuma kinachofunga nyuma ya chemba, ifunge juu yake na nyingine ambayo ni lazima ikatae. Bunduki ya risasi za .375 H&H (Holland & Holland), iliyotoka London mwaka 1912 na ambayo bado inapendwa sana Afrika Mashariki, ina mshipi kwenye kitako cha ganda lake, na geji yake hupima mahali mshipi huo unapokaa. Napaka pia rangi ya bluu ya mafundi kwenye meno ya bolti ili nione kama yote mawili yanabeba mzigo, maana jino moja likibeba peke yake, bolti huvutwa upande kila risasi inapolipuka.

Kwenye kifyatulio ndipo ninapokaa muda mrefu. Nikiwa nimehakikisha chemba na magazini, yaani kasha la risasi, ni tupu, na nimeweka risasi bandia, nafunga bolti kwa nguvu mara kadhaa nione kama pini inayopiga risasi itaanguka yenyewe. Nagonga kitako kwenye zulia la mpira. Naweka sefti, yaani kizuizi cha usalama, navuta kifyatulio, nakiachia, kisha naondoa sefti bila kugusa kitu kingine. Pini ikianguka wakati huo, bunduki hairudi tena mezani hadi msambazaji ajibu. Niliwahi kukutana na bunduki mpya iliyofanya hivyo, si kila mara, bali baada ya majaribio mengi mfululizo, na huo ndio ubaya wa kasoro za aina hii: anayejaribu mara moja anaridhika. Kifyatulio kilipofunguliwa kwa idhini ya msambazaji, tulikuta mafuta mazito ya kiwandani yamegandamana yakazuia kipande kidogo kurudi mahali pake.

Jambo hilo si la ajabu katika historia ya bunduki hizi. Mwaka 2014 kampuni ya Remington ya Marekani iliita vifyatulio vyake vya aina ya X-Mark Pro, vilivyotengenezwa kuanzia mwaka 2006, virudishwe kwa sababu gundi iliyotumika wakati wa kuviunganisha ilizidi katika baadhi yao, na bunduki ingeweza kufyatuka bila kuvutwa. Kwa mujibu wa tangazo la kampuni, mchoro haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mkono wa mwunganishaji na la ukaguzi uliompita. Kwa mkaguzi, hiyo ndiyo kasoro ngumu kuliko zote, kwa kuwa kila kipande kikipimwa peke yake kinafaulu.

Mzee mmoja mfugaji alinisimamia siku moja akiona ninavyorudia zoezi hilo la kifyatulio, akasema, “Fundi, hii bunduki imetoka kiwandani na mhuri juu. Wewe unatafuta nini tena humo ndani?” Nikamjibu, “Mzee, mhuri unasema mtutu hautapasuka. Mimi natafuta kama itakusikiliza.” Hakuridhika sana na jibu langu, lakini alivuta kiti akakaa, na baada ya hapo maswali yake yalikuwa bora kuliko ya wateja wengi.

Baada ya kifyatulio naingia kwenye ulishaji wa risasi. Bolti ya Mauser ya mwaka 1898 ina ukucha mpana unaoishika risasi tangu inapotoka magazini. Kampuni ya Winchester ya Marekani ilikuwa na mfumo wa namna hiyo katika bunduki yake ya Model 70 tangu mwaka 1936, ikauacha mwaka 1964 ili kupunguza gharama, na wanunuzi wakalalamika kwa miaka mingi hadi uliporudishwa mwaka 1992. Naelewa mvuto wa ukucha huo kwa mtu anayekabili nyati, lakini sikubali kwamba ukucha peke yake ni dhamana. Nimeona bunduki za ukucha zikikwama kwa sababu midomo ya magazini haikunyooshwa sawasawa, na nimeona za mfumo rahisi zikilisha bila kusita. Ninalisha risasi bandia zenye pua laini na zenye pua butu, taratibu na kwa kasi, bunduki ikiwa wima na ikiwa imelala ubavu. Mteja akija na aina ya risasi anayokusudia kuitumia, natengeneza risasi bandia zenye umbo hilo hilo, maana pua butu ndiyo inayofichua magazini mbovu.

Mwisho ni uwanja wa shabaha, kwa idhini na chini ya msimamizi. Viwanda vingi vinaahidi kwamba risasi tatu zitaanguka ndani ya dakika moja ya pembe, yaani takriban milimita 29 kwa mita 100. Ahadi hiyo naichukulia kwa tahadhari, kwa kuwa risasi tatu zinaweza kukaribiana kwa bahati, na ndiyo maana napendelea kufyatua kumi kwa utulivu, nikiacha mtutu upoe, kisha nitazame zote kwa pamoja. Kwa .375 mpya niko radhi kupokea kundi pana kuliko lililoahidiwa, mradi risasi ya kwanza ya mtutu baridi iangukie mahali pale pale kila siku. Bunduki inayotawanya kidogo lakini inalisha bila kosa naipitisha; ile inayotoboa tundu moja huku ikikwama mara moja moja naizuia, na juu ya hilo nimebishana na wauzaji wenzangu wasiopenda kuzuia bunduki yenye shabaha nzuri.

Kila bunduki sasa inaondoka na kadi: uzito wa kifyatulio, matokeo ya geji, aina ya risasi iliyotumika na karatasi ya shabaha iliyokunjwa ndani. Nakala moja inabaki karakanani, kwa mpangilio wa nambari ya silaha na tarehe ya kufika, ili bunduki mbili za shehena moja zikionyesha dalili ya aina moja niweze kumwandikia msambazaji kuhusu shehena nzima badala ya kulalamikia moja moja. Msambazaji wetu mmoja hapo awali aliuona utaratibu huu kuwa usumbufu. Siku hizi huuliza kadi kabla hajauliza chochote kingine.