Siku baba mdogo alipoingia uvunguni mwa CR-V

Gari nililotaka kununua lilikuwa la mtu wa Njiro, Arusha: Honda CR-V ya kizazi cha kwanza, kile kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1995. Picha nilizotumiwa zilinipendeza sana. Baba mdogo, aliyeendesha malori ya mizigo hadi alipostaafu, hakutaka kuziona. Alisema tu, "Mwambie asiliwashe mpaka tufike."

Ilikuwa Aprili 2014, masika yamekolea. Tulitoka Moshi na basi la asubuhi, mvua ikatusindikiza Boma Ng'ombe mpaka Usa River. Tulipofika kwa mwenye gari tukakaribishwa chai, lakini baba mdogo alitangulia kwenye gari akaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya baridi. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi, hasa ule moshi wa bluu wa oili inayoungua na mlio wa asubuhi. Akaomba liwashwe, akasimama nyuma ya ekzosi huku mvua inamnyeshea. Ukatoka mvuke mweupe kidogo, baada ya muda ukakata. Hapo ndipo akakubali chai.

Mimi nilikuwa na hitaji moja. Mama yangu yuko Kibosho, na kutoka lami hadi kwake kuna kipande cha udongo mwekundu ambacho masika hukigeuza utelezi mtupu. Nilitaka fowili ya kweli, yaani gari linaloweza kuvuta kwa matairi yote manne. Magari madogo ya aina hii yanafanana kwa umbo, yote yameinuka kutoka ardhini, kumbe mengi huvuta kwa matairi ya mbele peke yake. Baba mdogo akatandika gunia, akaingia uvunguni na tochi.

"Mwanangu, inama uone mwenyewe."

Nikainama. Akanionyesha propela shafti, kile chuma kirefu cha kupeleka nguvu nyuma, inavyotoka kwenye gia boksi hadi kwenye difu ya nyuma, lile boksi la gia lililo kati ya matairi ya nyuma.

"Chuma hiki ndicho unachonunua. Yale maandishi ya mlango wa nyuma mtu anaweza kubandika."

Akanieleza, bado amelala chali, jinsi fowili ya gari hili inavyofanya kazi, na sijapata kusikia maelezo mazuri kuliko yale. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Kwenye lami gari huvuta kwa mbele. Ndani ya difu ya nyuma kuna pampu mbili, moja inazungushwa na mwendo wa matairi ya mbele, nyingine na wa matairi ya nyuma. Zikienda sawa, hakuna kinachotokea. Matairi ya mbele yakiteleza na kuzunguka kwa kasi kuliko ya nyuma, presha ya mafuta hupanda, ikabana klachi, nguvu ikaenda nyuma. Kwa hiyo matairi yote manne lazima yalingane. Ukifunga mapya nyuma na vipara mbele, pampu zinadhani unateleza muda wote, na difu haipumziki.

Akatoka, akasoma tairi la nyuma. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT zilikuwa 3105: wiki ya 31 ya mwaka 2005. Kashata, yale meno ya tairi yanayoshika barabara, zilikuwa bado zipo, lakini mpira ulishakakamaa na kupasuka ubavuni. Ya mbele yalikuwa ya kampuni nyingine kabisa.

Kisha jaribio alilolisubiri. Akaomba nikate usukani mpaka mwisho, nizunguke polepole uwanjani. Nyuma kukasikika mngurumo, gari likitetemeka kama linagoma. Mwenye gari akasema ni bushi. Baba mdogo akamjibu kwa upole, "Ndugu yangu, mafuta ya difu yamechoka. Hii inataka mafuta yake yenyewe ya Honda, siyo ya difu ya kawaida." Bei ikashuka laki nne. Tukalinganisha namba ya chasisi na kadi, tukaandikiana, tukarudi Moshi na gari.

Fundi alibadilisha mafuta yale, na baada ya mizunguko michache mngurumo ukaisha. Ile laki nne ikaingia kwenye matairi manne ya aina moja, 205/70R15. Nilitamani pia bampa la chuma na taa za juu. Baba mdogo alikataa katakata: uzito wa bure puani. Badala yake tukanunua kamba nene ya kuvutia, jembe, geji ya upepo na kipande cha ubao mpana, maana jeki bila ubao huzama kwenye tope. Vyote vikaingia nyuma, juu ya ile sakafu ya buti ambayo ukiitoa na kukunjua miguu yake inakuwa meza. (Mama aliipenda meza hiyo kuliko gari lenyewe.)

Jumamosi tukapanda Kibosho mvua ikinyesha. Pale lami ilipoishia akaniambia niweke gia namba mbili, niendelee kwa mwendo ule ule, nisikanyage mafuta ghafla wala nisiachie. Kwenye kona chini ya migomba matairi ya mbele yalianza kuteleza. Moyo ulinidunda. "Shikilia hapo hapo," akasema. Ikapita nukta moja ndefu, kisha nikahisi gari linasukumwa kutoka nyuma, likanyooka, likapanda.

Kurudi tulibeba mikungu mitatu ya ndizi na shangazi yangu mmoja. Kilima chote tulikishuka kwa gia namba moja, breki nikizigusa tu. Tulipofika lami baba mdogo aliniomba nisimame. Akashuka, akainama kwenye gurudumu la mbele na kunusa. Breki hazikuwa zimeungua. Akarudi kitini, akafunga mkanda na kusema tupitie sheli tujaze mafuta kabla foleni ya jioni haijaanza.