King'ora cha moshi kilicholia kila chapati zikipikwa: nilivyokituliza

Kilifungwa kwenye korido, kama mita moja tu kutoka mlango wa jikoni. Tena kilikuwa cha aina ya ayoni (kinachotambua moshi kwa chembe za hewa zenye chaji ya umeme), ambacho hunasa upesi chembe ndogondogo za mafuta yanayoungua. Kutoa betri ili upike kwa amani ni kujitafutia balaa. Nilinunua kinachotumia mwanga, ambacho huwahi zaidi kugundua moshi mzito wa godoro linalofuka, nikakifunga kwenye dari, mita 3 kutoka jikoni na sentimita 30 kutoka ukutani. Jikoni penyewe nikaweka cha joto, yaani kinacholia joto likipanda sana. Moshi wa kukaanga haukishtui.

Mlio mfupi unaojirudia kila baada ya dakika moja hivi ni jambo jingine: mara nyingi betri inakwisha. Vingi hutumia ya volti 9. Ukiweka mpya na mlio usikome, soma tarehe ya kutengenezwa iliyoandikwa mgongoni mwa king'ora. Kikishatimiza miaka 10, nunua kingine. Kikipiga kelele bila moshi wowote, shuku vumbi au mdudu ndani: kisafishe kwa mashine ya kufyonza vumbi, na usipulize dawa ya mbu karibu nacho. Kitufe cha majaribio kibonyezwe kila mwezi.