Kanisani kwetu Lancaster hawaombei "dunia nzima", wanataja mji kwa jina

Nikisema nasali na Wamennonite, wale Wakristo wa dhehebu linalokataa vita, huku Lancaster, Pennsylvania, Marekani, watu wananiuliza kama na mimi napanda kigari cha farasi. Hao ni Amish jamani, ni ndugu zao wa mbali, kanisani kwetu watu wanakuja na magari yao na jinzi zao na mchungaji ni mwanamke.

Kilichonifanya nibaki hapo ni maombi yao. Wanawasha taa ndogo wanayoiita taa ya amani, halafu maiki inazunguka kwenye viti na mwenye neno anasimama. Mmoja bintiye kafanyiwa upasuaji, mwingine kapata kazi, halafu anasimama bibi mmoja kashapita themanini anasema tuwakumbuke watu wa El Fasher kule Sudan, na mji ule ulipokuwa umezingirwa, ukimuuliza baadaye alikuwa anakwambia nani kauzingira na chakula kinapitia wapi, yaani mimi Mwafrika niliyezaliwa bara hilo hilo nabaki namtolea macho. Januari 2025 waasi wa M23, wale wanaosaidiwa na Rwanda, walipoingia Goma, mashariki mwa Congo, nilikuja kanisani nimejiandaa kuwaeleza Goma ni wapi. Kumbe kuna mzee aliwahi kuishi Congo miaka, akamwombea mchungaji wa kule kwa jina, na kwa Kiswahili cha kule kule, kile ambacho sisi tunapenda kukicheka.

Mwanzoni niliwaona kama wazungu wengine wa huruma, unajua ile huruma ya kukuangalia kutokea juu. Nikaja kuelewa wana deni. Mwaka 1920 Wamennonite wenzao waliokuwa kusini mwa Urusi, Ukraine ya leo, walikuwa wanakufa njaa baada ya vita na mapinduzi, hawa wa Marekani wakaunda shirika la misaada la MCC (Mennonite Central Committee) kuwapelekea chakula. Kijana mmoja wa hapa hapa Pennsylvania, Clayton Kratz, alikwenda na msafara wa kwanza, akakamatwa kule na hakuonekana tena mpaka leo. Mwenzake wa safari ile, Orie Miller, ndiye huyo huyo aliyekuja Tanganyika mwaka 1934 na wamisionari wa kwanza walioanzia Shirati, hapo ndipo kanisa la Wamennonite la mkoa wa Mara lilipotokea. Kwa hiyo njaa kwao ina sura za bibi na babu zao, wanazo picha.

Na mikono yao haitulii. Kuna chumba kule chini ya kanisa, akina mama na wanaume pia wanafunga mablanketi ya viraka kwa mafundo, wengine wanapanga ndoo za msaada, ndani taulo, sabuni, miswaki, pedi, vitana, kila ndoo vitu vile vile kwa idadi ile ile maana mtu wa kambini asianze kuona mwenzake kapata zaidi. Msimu wa kusindika nyama ukifika inakuja mashine kwenye trela na watu wanakata nyama na kujaza makopo kutwa nzima, nimefanya, mgongo uliniuma wiki. Ugomvi wa nani apange taulo vipi siuandiki hapa.

Mwaka 2025 mambo yakawa makali. Tulikuwa tumepanga nyumba kwa ajili ya familia ya Wakongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, vitanda viko tayari, hadi makoti ya baridi ya watoto. Januari 20 rais mpya, Trump, akasaini amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi na safari yao ikafutwa. Siku chache baadaye na hela za kuwasaidia waliokwisha kufika zikasimamishwa, basi nyumba ile tukawapa familia nyingine iliyotua wiki chache kabla ya amri, na kodi tunachanga wenyewe. Familia ya Nyarugusu bado iko Nyarugusu. Baba yao ananitumia voisi noti, ananiuliza kuna nini jipya, sina.

Mwezi wa pili dhehebu lenyewe, Mennonite Church USA, pamoja na makundi mengine ya dini zaidi ya ishirini wakaishtaki serikali mahakamani ili maaskari wa uhamiaji wasiingie kukamata watu kwenye nyumba za ibada. Na mwaka mmoja kabla ya hapo zaidi ya Wamennonite mia walikamatwa Washington kwenye jengo la ofisi za wabunge, wamekaa chini wanaimba sauti nne, wanadai vita vya Gaza visimame. Sio wote kanisani walifurahia hilo. Kuna wanaosema kazi yetu ni ndoo na mablanketi, siasa tuwaachie wenyewe, na mmoja alihama kanisa kabisa.

Mimi niko upande wa waliokamatwa, na lawama yangu kwao ni kwamba Congo hawaisemei kwa sauti ile ile. Wakati mwenzao Michael Sharp, kijana wa Kimennonite aliyekuwa anachunguza mauaji kwa niaba ya UN, aliuawa Kasai mwaka 2017! Wanamlilia, ila kusema madini yananunuliwa na nani na silaha zinapitia nchi gani wanasita, wanaogopa kukosea. Niliisema kwenye maiki. Kimya kidogo, halafu kama kawaida yao wakaunda kamati, na kamati imenipa dakika kumi na tano mwezi ujao baada ya ibada. Naleta ramani, na Kigali nitaitaja.