Waimbaji wa kantri na wanamichezo: ratiba ndiyo kila kitu

Dar bado ina wazee wanaoitambua sauti ya Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani, kwa mstari mmoja tu, maana redio iliwalea nayo. Wachache wanajua kwamba kabla ya muziki alikuwa mchezaji wa besiboli. Mwaka 1944 aliingia katika mfumo wa klabu ya St. Louis Cardinals, akawa mrushaji kwenye ligi za chini. Mrushaji husimama juu ya kilima kidogo na kuvurumisha mpira umbali wa mita 18.4 hadi kwa mpigaji, na kila akirusha, uzito wa mwili hutua kwenye mguu mmoja. Reeves aliumia mshipa wa fahamu unaotoka kiunoni kushuka mguuni, na kwa mrushaji hilo halina dawa. Akahamia kwenye utangazaji wa redio, kisha kuimba.

Mwimbaji mwingine wa kantri, Charley Pride, ndiye ninayemheshimu kuliko wote, kwa sababu hakuuacha mchezo hata ulipomwacha. Miaka ya 1950 alicheza ligi za Wamarekani Weusi, ikiwemo Memphis Red Sox. Mwenyewe alikuwa akisimulia jinsi yeye na mwenzake walivyouzwa kwa timu ya Birmingham kwa bei ya basi lililotumika. Baadaye, Montana, aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini kilichokuwa na timu yake. Meneja wa timu alimlipa dola 10 za ziada aimbe dakika 15 kabla ya mechi. Angalia hapo: mshahara wa kiwanda, nafasi kwenye timu na jukwaa, vyote mahali pamoja. Alipokuwa nyota mkubwa aliendelea kwenda kufanya mazoezi ya kabla ya msimu na klabu ya besiboli ya Texas Rangers, mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2010 akawa mmoja wa wamiliki wa klabu hiyo.

Kwa mwimbaji Tim McGraw uhusiano na besiboli ulikuwa wa damu, na ulianza vibaya. Akiwa na miaka 11 aliona kwenye cheti chake cha kuzaliwa kwamba baba yake ni Tug McGraw, mrushaji aliyekuja kufunga kazi Philadelphia Phillies walipotwaa ubingwa wa 1980. Ilipita miaka kadhaa kabla Tug hajamkubali mwanawe. Lakini Tug alipougua uvimbe wa ubongo mwaka 2003, ni Tim aliyesimama naye, na Januari 2004 mzee alifia kwenye nyumba ya mwanawe huko Tennessee. Oktoba 2008, Phillies wakiwa fainali tena, Tim alipeleka mpira uwanjani na kunyunyiza majivu ya baba yake pale pale warushaji wanaposimama. Timu ikachukua kombe.

Ndoa nayo ina hesabu zake za ratiba. Mwimbaji Carrie Underwood alikutana na Mike Fisher, mchezaji wa hoki ya barafuni, kupitia mpiga besi wa bendi yake Carrie mwenyewe. Wakaoana Julai 2010. Wakati huo timu ya hoki ilicheza mechi 82 za msimu wa kawaida kuanzia Oktoba hadi Aprili, na 41 zilikuwa za ugenini. Waimbaji wa kantri kwa kawaida huondoka Nashville, mji wa Tennessee ulio kitovu cha muziki wao, kwa basi katikati ya wiki, hupiga shoo hadi Jumamosi na kurudi Jumapili. Fisher akiwa Ottawa, Kanada, siku za kuonana zilikuwa za kuokoteza. Februari 2011 akauzwa kwa timu ya Nashville Predators, na kwa maoni yangu uhamisho huo uliisaidia ndoa kuliko zawadi yoyote ya harusi: kuanzia hapo mechi za nyumbani zilikuwa kweli nyumbani.

Kwetu mfano ulio karibu ni mwanasoka Mbwana Samatta na mwimbaji Alikiba, ambao urafiki wao ulizaa mechi ya hisani ya SamaKiba uwanja wa Taifa, Juni 2018. Huo ni mwezi ambao ligi ya Ubelgiji, alikokuwa Samatta na klabu ya Genk, imeshafungwa. Mwaka huo huo Alikiba akasajiliwa na Coastal Union ya Tanga. Hapo ndipo ugumu ulipo, maana Ligi Kuu na shoo zote hugombea Jumamosi na Jumapili zile zile, na Tanga si Mbagala ya hapa Dar, ni kilomita kama 350 za barabara.